Programu Iliyofuta Safi

Doa la maji ukutani, nyuma ya kiti anachopenda kukalia kaka mtu, lilikuwa moja tangu nyumba ipigwe rangi. Lilikuwa doa la kawaida la bati kuvuja, lenye umbo la kiatu cha mtoto na kimkia kidogo kwenye kisigino. Jumanne moja, saa saba mchana, mama mwenye nyumba aliinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua, akaona madoa mawili. Si kwamba lile la kwanza lilikuwa limetambaa upande. Yalikaa sambamba, kiatu na kiatu, kimkia na kimkia. Akamwita mwanawe mdogo, fundi miwani, aliyekuwa amerudi kula. Fundi akasema bati limezidi kuoza. Mama akauliza tangu lini bati likavuja kwa kunakili. Fundi akacheka kidogo, akaomba chumvi. Lile doa la pili alilijua. Alilitengeneza mwenyewe siku tisa nyuma, kwenye kompyuta.

Tusimwonee. Fundi hakuwa mtu mbaya, au tuseme hakuwa mbaya kuliko wewe na mimi. Kutwa alikuwa dukani akisaga vioo vya miwani na kupasha moto fremu za plastiki ili zikae vizuri masikioni mwa watu. Jioni na siku za mapumziko alipiga picha, kwa kujifurahisha tu, kwa kamera ya mtumba yenye mkanda uliokatika. Alipiga buibui, mabati yaliyolowa, mikono ya wateja. Hakuwa na mtoto wala deni, na mchumba alikuwa naye, mwalimu wa chekechea mwenye kicheko cha karibu. Alikuwa pia na kaka, na hapo ndipo penye hadithi.

Kaka huyo zamani alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mrefu, mwenye mabega ya kubebea mlango mzima. Kifafa kilimwanza ukubwani. Siku moja kilimwangusha juu ya mtungi wa gesi kazini, na tajiri wake akamwambia apumzike kwanza, mapumziko ambayo hayajaisha mpaka leo. Jino moja la mbele lilibaki kule, na kovu likakaa juu ya nyusi. Sasa alishinda nyumbani, akifagia, akiosha vyombo na kuimba kwa mdomo uliofungwa wimbo wake mmoja ambao hakuna aliyejua aliutoa wapi. Alikuwa mtu mwema, asiyekuwa na neno na mtu. Fundi alimpenda. Vilevile alimwonea aibu, na vitu hivyo viwili vilikaa ndani yake bila kusalimiana.

Siku ya kwanza mchumba alipomuuliza mko wangapi kwenu, fundi alijibu, "Mimi na mama tu." Uongo ule ulimtoka kama chafya, na ukishatoka haurudi puani. Mwaka ukapita. Baba wa mchumba, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa utaratibu, akasema kabla hajaja kuwatembelea angependa kuletewa picha ya familia aitie kwenye albamu yake. Fundi akamwomba mama jambo la kaka waliseme polepole baadaye, wageni wakishazoea, na siku ya ugeni kaka apelekwe kwa mama mdogo. Mama alifunga upya kanga yake. Kisha akasema, "Haya." Hakumtazama alipokuwa akisema.

Lakini siku ya kupiga picha, kaka alitoka chumbani na shati alilolipiga pasi mwenyewe, akasimama katikati, nyuma ya kiti cha mama, mkono begani kwake. Nani angemwambia atoke? Fundi akaweka kamera kwenye stendi, akategesha, akakimbia kujipanga. Picha ikatoka nzuri, na uzuri wake wote ulikuwa kaka. Alikuwa anacheka kwa meno yote yaliyobaki, na jicho likiingia kwenye picha ile lilikwenda kwake moja kwa moja. Fundi aliliona hilo kwa jicho la mpiga picha, na ndilo lililomuumiza zaidi. Kumkata pembeni kusingewezekana, alikuwa katikati. Ilibidi afutwe.

Hapo fundi akaanza kutafuta programu ya kuhariri picha. Aliuliza kwenye kundi la simu la wapiga picha wa kujifurahisha, na swali lake likazua vita ya siku tatu. Mmoja alisema asiyelipia programu kila mwezi kama mabingwa achezee jiko la mkaa. Mwingine akasema za bure zinatosha kwa mwenye subira. Wa tatu akasema simu inafanya yote, akatukanwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Wenzake walipima programu kwa rangi, kwa picha za gizani, kwa kasi kwenye kompyuta kongwe. Fundi alikuwa na kipimo kimoja tu ambacho hakukitaja kwenye kundi: ni ipi itamtoa kaka bila alama.

Ya kwanza ilikuwa ya kulipia, yenye siku saba za majaribio. Alipitisha brashi juu ya kaka, ikaacha ukungu, kama rangi mbichi iliyopanguswa na kidole. Ya pili ilikuwa ya bure, nzito, yenye vitufe vingi kuliko redio ya babu. Ilimtoa kaka lakini ikasahau vidole vinne begani mwa mama. Ya tatu aliletewa kiungo chake na mtu wa kundini asiyekuwa na picha wala jina, namba tupu. Ilikuwa ndogo, haikutaka malipo wala kujiandikisha. Ilifunguka kabla hajaondoa kidole kwenye kipanya. Akapitisha brashi mara moja, na kaka akaondoka kana kwamba hakuzaliwa. Ukuta ukajijaza wenyewe kwa kujinakili, ndiyo maana doa likawa mawili.

Kisha programu ikauliza swali moja: ihifadhi juu ya picha asili?

Mpiga picha yeyote, hata wa juzi, hufundishwa jambo hili kabla ya mengine: asili haiguswi, unafanyia kazi nakala. Fundi alilijua kuliko anavyojua namba ya kiatu chake. Lakini hakutaka picha mbili duniani, moja ikimsuta nyingine. Akabonyeza ndiyo. Akafuta na kadi ya kamera. Programu nyingine mbili akaziondoa, akaandika kwenye kundi kwamba amepata yake, asanteni.

Picha ikachapishwa, moja ya mkaguzi na moja ya sebuleni. Kaka aliisogelea, akaitazama.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Hiyo niliipiga ulipokuwa umeingia ndani, kaka. Ile yako haikutoka vizuri, ulifumba macho."

Kaka akaitikia kwa kichwa, akasema mama amependeza, akaenda kuosha vyombo.

Basi tumerudi kwenye ile Jumanne ya doa. Jumatano, fundi aliporudi kula, alisikia harufu mlangoni na akadhani ameibeba dukani, maana ilikuwa harufu anayoishi nayo, ya fremu ya plastiki iliyopashwa moto kupita kiasi. Akanusa mikono yake, haikuwa na kitu. Harufu ilitoka kwenye kiti cha kaka. Kaka alikuwa amekaa hapo akiimba wimbo wake, na fundi akatulia kusikiliza kwa sababu kulikuwa na kitu kimekosea. Wimbo ulifika mahali, ukarudi nyuma. Ukafika palepale, ukarudi tena. Pumzi ilikuwa ileile, mkwaruzo wa kohozi uleule, na midomo ya kaka ilikuwa imetulia kabisa.

"Kaka, ni wewe unayeimba?"

"Mimi nimenyamaza saa nyingi," kaka alijibu. "Nilidhani ni wewe."

Alhamisi mama aliandaa sahani mbili. Fundi akamkumbusha ya tatu, naye akajigonga paji la uso, akacheka uzee. Ijumaa akaandaa mbili tena, na alipokumbushwa hakucheka. Alimtazama fundi kama mtu aliyeambiwa neno la lugha nyingine, akaenda kuchukua sahani kwa heshima tu, kama unavyomtimizia mgonjwa. Jirani akapita kuomba ndoo, akamsalimia mama, akamsalimia fundi, na alipokuwa akitoka alimpitia kaka mlangoni bega kwa bega bila hata kugeuka. Kaka alikuwa ameshanyoosha mkono. Aliurudisha mfukoni taratibu, na fundi akajifanya anatafuta chumvi.

Usiku mtu huogopa na kusingizia giza. Yeye mambo haya yalimpata saa saba mchana, jua likiwa utosini, watu wakipita barabarani na ndoo zao. Alifungua kompyuta akaifuta ile programu, na alipowasha upya ilikuwepo. Akajaribu kurudisha picha nyuma, hatua moja, hatua mbili. Haikuwa na nyuma. Akatuma ujumbe kundini kuulizia ile namba tupu, na kundi zima likamuuliza namba gani anayoizungumzia. Mwisho akaikuza picha, akaangalia pale alipokuwa kaka, kati ya doa na doa, na akaona kwamba ukuta pale una mkunjo, mkunjo mrefu wa kimo cha mtu, kama pazia lililoegemewa kwa nyuma.

Jumamosi ndiyo iliyomvunja. Alikuwa anavua viatu sebuleni aliposikia visigino vikigonga sakafu, ule mdundo wa haraka anaoujua tangu ugonjwa ulipoanza, na akageuka upesi kumshika kaka kama alivyozoea, na hakukuwa na kaka, kulikuwa na sakafu tu, sakafu tupu yenye ufa mmoja uliokuwa umeshakuwa miwili, na visigino viligonga na koo lilikoroma na mguu wa meza ulisukumwa ukasogea wenyewe, na yeye akapiga magoti akapapasa hewa kwa mikono miwili, huku ile sauti ya wimbo ikirudia kipande chake kilekile juu ya kichwa chake kama mtu aliyesimama akisubiri zamu, mpaka vidole vyake vikagusa nywele, nywele zilizolowa jasho, na sikio, na lile kovu la nyusi, na akakishika kichwa asichokiona, kizito, cha moto, akakilaza ubavu kama mama alivyomfundisha, mate yakimlowesha kiganja, akakaa hivyo akihesabu pumzi za mtu ambaye mwanga ulikuwa unampita.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unatafuta nini chini, mwanangu?"

"Mama, ni kaka. Ameanguka."

Mama alisimama. Uso wake ulikuwa wa upole, na upole huo ulimtia fundi baridi kuliko yote. "Kaka gani?" akauliza. "Mimi nimekuzaa peke yako."

Kwa mganga ni kwa mganga, hata kwa mwenye kompyuta. Mtaani kulikuwa na dobi mmoja, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, ambaye watu walimpelekea nguo mchana peupe na majini kwa kificho. Fundi alimkuta anakamua shuka, akamwamkia, akaeleza. Alieleza kuhusu kompyuta, kiungo, namba tupu. Dobi aliendelea kukamua mpaka maneno yakamwishia.

"Unanieleza mashine," alisema. "Jini hakai kwenye mashine, mwanangu. Jini anakaa palipoachwa wazi. Nani aliyepaacha wazi?"

Fundi akayatazama matone ya shuka.

"Ulimtoa mara ngapi?"

"Mara moja."

Dobi akamtazama tu. Mwosha ndiye ajuaye aibu ya maiti, na huyu alikuwa ameosha nguo za mtaa mzima kwa miaka ishirini.

"Tatu," fundi akasema. "Nilikuwa napima programu."

"Basi umemtoa ndugu yako sadaka mara tatu, na mara ya tatu ukaulizwa kama una uhakika, ukasema ndiyo. Yule hakuiba. Amechukua alichopewa." Akaanika shuka. "Naweza kumtoa huyo jini. Lakini wewe kwanza udai chako kwa mdomo wako, palepale ulipomtolea, mbele ya wale uliomtoa kwa ajili yao. Na usikitie sukari. Akisikia sukari anabaki."

Wageni walikuwa wanakuja Jumapili. Fundi hakulala.

Walikuja saa sita na nusu: mkaguzi mwenye koti, na binti yake, mwalimu wa chekechea, akiwa amebeba matunda. Mama akawapokea vizuri. Dobi alikuwa amekaa barazani na ndoo ya maji, akinong'ona dua zake. Mama alidhani amekuja kudai nguo. Mkaguzi akaisifu picha ukutani. Ilipofika saa saba, harufu ya plastiki ikajaa sebule, mwalimu akapeleka leso puani, na wimbo ukaanza kurudiarudia kutoka kwenye kiti kitupu. Mkaguzi akaangalia huku na huku akitafuta redio.

Fundi akasimama. 

"Ile picha," alisema, "niliirekebisha kidogo."

Wimbo ukapanda. Madoa ukutani yakawa matatu, na mwalimu aliyaona, maana alishika mkono wa baba yake.

"Nina ndugu yangu nampenda sana," fundi akasema haraka, "na kwa kumhurumia hali yake, nikaona labda..."

Madoa manne. Sita. Ukuta ulikuwa unajijaza, kiatu kwa kiatu, na barazani dobi akapaza dua yake kwa ukali, kwa maana sukari ilikuwa imenukia mpaka nje. Fundi akafumba macho.

"Nina kaka," alisema. "Mama amezaa wawili. Kaka yangu ana kifafa, hana jino, anaanguka mbele za watu, na mimi nilimwonea aibu. Nikawadanganya kwamba hayupo. Kwenye hiyo picha alikuwa katikati. Nilijaribu programu tatu, na mara tatu nilimfuta kaka yangu ili nione ipi inafuta vizuri, na ile iliyofuta safi niliifurahia. Sikumhurumia. Nilifurahi. Ninamtaka arudi."

Wimbo ulikatika. Dobi aliingia akamwaga ndoo nzima ukutani bila kuomba ruhusa. Kitu kizito kilipita mlangoni kikielekea nje, pazia likajivuta kukipisha, na harufu ikaondoka nacho. Maji yalipotiririka, doa lilikuwa moja. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amelowa, amekonda kwa siku zile chache. Mama alimwona. Akaanza kulia akisema mwanangu, mwanangu, na kumpapasa uso kama anayekagua kama umerudi wote.

"Shikamoo, mzee," kaka alimwambia mkaguzi.

"Marahaba, mwanangu," mkaguzi akajibu, na akainuka kumpa mkono, akaushika kwa muda. Fundi, mkaguzi hakumtazama tena. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa akiwa hai, amesimama kwenye dimbwi la maji sebuleni kwao. Mwalimu hakupaza sauti. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni aliuliza swali moja.

"Na mimi nikiugua, utanifuta kwa ipi?"

Hakusubiri jibu. Hakusema uchumba umevunjika wala haujavunjika, na kikapu cha matunda alikiacha mezani.

Dobi ndiye aliyeondoka mwisho. Alikataa malipo, akaomba sabuni tu. "Mlango uliofungua wewe nimeufunga," alimwambia fundi. "Kama upo mwingine, sikuuona. Kila mtu na mlango wake."

Siku ya pili fundi hakwenda kazini. Mchana walikuwa wawili jikoni, kaka akiosha, yeye akifuta vyombo. Mama amelala. Fundi alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi usiku kucha, lakini kaka ndiye aliyeanza.

"Nilikuona," alisema. "Siku ile unajaribu zile programu. Nilikuwa nimekuletea chai. Nilisimama nyuma yako muda mrefu tu."

Fundi akaiweka sahani chini ili isimponyoke.

"Mbona hukusema, kaka?"

"Niseme nini? Nikaona kama hiyo ndiyo nafuu yako, basi." Kaka alisuuza kikombe, akakigeuza kimiminike. "Yule alipokuja hakunivamia. Ana adabu zake. Aliniuliza kama nakubali kuondoka, nami nikamwambia sawa."

Maji yaliendelea kutiririka bombani. 

"Lakini ametoka, kaka. Sote tumesikia akitoka."

"Ametoka ndani. Yuko hapo dirishani." Kaka alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeeleza mahali ulipo ufagio. "Wewe umenidai, na ni kweli umenidai, nimesikia. Lakini na mimi nilikubali, na neno langu hajalirudisha. Anauliza tena. Kila saa saba."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Leo nimemwambia asubiri."

Tangu siku hiyo fundi huja kula nyumbani kila mchana, hata mvua ikinyesha. Hukaa mbele ya kaka yake na kusimulia habari za dukani, yule mzee aliyekalia miwani yake, yule binti aliyetaka fremu ya kijani, na kaka hucheka pale panapochekesha. Kisha saa saba hufika, kaka huinamisha kichwa kidogo upande wa dirisha kama mtu anayeulizwa jambo kwa sauti ya chini, na fundi huweka tonge chini. Hutamani kumwomba akatae. Kila siku hufungua mdomo, na kila siku huona hana haki hiyo, huufunga, akasubiri kusikia kaka yake atajibu nini.